Umeweka ekseli nzito kwenye pikapu ya zamani na sasa gari inasumbua? Tafuta hivi

Kuna kitu kinajirudia sana kwa watu wanaotoa ekseli nyepesi za kiwandani na kuingiza nzito. Tuseme mbele ilikuwa Dana 44, ekseli nyepesi, ukaweka Dana 60, ile nzito, nyuma ukaweka ile ya GM ya bolti 14, gari ikatoka kwa mara ya kwanza ikatoa mlio au ikaanza kutetemeka, na mwenye gari moja kwa moja anarukia difu (sanduku la gia la kwenye ekseli), anafungua, anaanza kuchezea shimu (vibati vyembamba vya kupanga nafasi ya gia), wiki nzima imeisha na shida iko palepale. Difu mara nyingi haina kosa. Hizi ekseli zilitengenezewa magari ya tani moja, kraunwili (gia kubwa ya ndani ya difu) ya Dana 60 ina kipenyo cha inchi 9.75 na ya bolti 14 ina inchi 10.5, wakati Dana 44 ni inchi 8.5, kwa hiyo kwenye pikapu nyepesi zinafanya kazi bila hata kutoka jasho. Shida inakaa pale ekseli inapokutana na gari: vitako vya springi, propela (shafti inayoleta nguvu kwenye ekseli), mabomba ya breki, rimu, stelingi. Vyote hivyo vilipimwa kwa ekseli ile uliyoitoa.

Sasa kabla hujashika spana jibu swali moja, shida inatokea LINI. Spidi gani, ukikanyaga mafuta au ukiachia, ukikata kona au ukienda moja kwa moja, ukishika breki, gari ikiwa ya baridi au baada ya mwendo mrefu. Andika kabisa. Mlio unaotoka ukikanyaga mafuta na ukanyamaza ukiachia una chanzo tofauti kabisa na mlio unaobaki muda wote, hata kama kwa masikio unafanana.

Na kwa kazi zote zilizoko hapa chini gari ikae kwenye stendi imara, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, ekseli hizi ni nzito na zikidondoka haziangalii mtu.

Gari inatetemeka ikifika spidi fulani

Hili ndo linaloongoza. Anza kwa kutenganisha tairi na propela. Tairi ikiwa haijabalansiwa mtetemo wake ni wa polepole, unaupata kwenye stelingi au kwenye kiti. Propela inazunguka mara nyingi zaidi ya tairi kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka, unakuwa kama mvumo kwenye sakafu na kioo cha kuangalilia nyuma kinatikisika hadi huoni vizuri. Fika kwenye ile spidi, weka nyutro, iache gari iserereke. Mtetemo ukibaki basi injini haihusiki.

Afu kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Pikapu nyingi za zamani zilitoka na ratio ndefu kama 3.08 (yani propela inazunguka mara 3.08 tairi ikizunguka mara moja), na ekseli nzito nyingi zinakuja na 4.10. Chukua tairi ya inchi 33 kwenye kilomita 100 kwa saa, tairi inazunguka kama mara 630 kwa dakika, kwa 3.08 propela inazunguka kama mara 1,950, kwa 4.10 inafika karibu 2,600. Spidi ni ileile lakini propela inazunguka theluthi moja zaidi, na nguvu ya kutokuwa na balansi inapanda kwa mraba wa mzunguko, yani inakaribia mara 1.8 ya zamani. Ndo maana propela iliyokuwa imetulia miaka yote inaanza kutetemeka siku umebadilisha ekseli, na mtu anaapa kwamba propela ni nzima maana "haikuwa na shida". Ilikuwa nayo, haikuwahi kuzungushwa hivyo. Ipeleke ikabalansiwe, na kama ilikatwa na kuunganishwa upya ili ifike kwenye ekseli mpya basi angalia kama nira (zile uma zinazoshika krosi, viungo vya kukunjika vya mwisho wa propela) za krosi mbili zimelingana, zile za kwenye bomba la propela zinatakiwa zikae kwenye mstari mmoja. Zikipishana hata kidogo hakuna balansi itakayokusaidia, inabidi ikatwe tena.

Propela ikiwa safi na mtetemo upo, hamia kwenye pembe ya pinioni, ile gia ndogo inayopokea propela na kuzungusha kraunwili. Hapa ndo penye kazi yenyewe.

Krosi moja ikifanya kazi kwa pembe haizungushi kwa mwendo sawa, inaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili inafuta huo mchezo, ila kwa sharti kwamba pembe za pande mbili zilingane. Kwa hiyo kwa propela yenye krosi moja kila upande, shafti inayotoka kwenye giaboksi au transfa (sanduku la kugawa nguvu mbele na nyuma) na shafti ya pinioni zinatakiwa ziwe sambamba. Kwa gari ya springi za majani unashusha mdomo wa pinioni digrii 1 hadi 2 chini ya hapo, kwa sababu ukikanyaga mafuta springi zinajikunja na mdomo unapanda wenyewe. Na pembe ya kila krosi isizidi kama digrii 3 ukiweza, wala isiwe sifuri kabisa, nusu digrii inahitajika ili sindano za ndani ya krosi zizunguke, zikikaa palepale zinachimba vishimo kwenye kuta.

Kama propela yako ina krosi mbili zilizobebana upande wa transfa, ile ambayo watu wanaweka kwenye gari zilizoinuliwa, sheria inabadilika. Hapo pinioni inatakiwa ielekee propela moja kwa moja, chini digrii 1 au 2 tu. Mtu akichanganya hizi sheria mbili gari itatetemeka hata kila kifaa kiwe kipya, na hili kosa nimeliona kwa mafundi wazuri kabisa.

Kupima: gari iwe imesimama kwenye tairi zake na uzito wake wote, sehemu tambarare, na mzigo ule unaobeba kawaida. Ukipima ekseli ikiwa inaning'inia hizo namba ni za kutupa. Weka kipima pembe kwenye uso wa nira ya pinioni, afu kwenye propela, afu kwenye uso wa mwisho wa transfa, toa tofauti.

Ukikuta pembe imekosewa kuna njia mbili. Kabari kati ya springi na kitako, ukichagua hii chukua za chuma, zile za alumini zinasagika na kupasuka, na usipange kabari juu ya kabari. Njia ya pili ni kukata vitako na kuchomelea upya, na mimi ndo naipendelea kama marekebisho yanazidi digrii 3 au 4. Shika vitako kwa madoa ya weldingi tu, rudisha gari chini kwenye tairi, pima, ukiridhika ndo uchomelee yote. Ukichomelea moja kwa moja kwa kukisia utarudi kukata tena.

Sasa ile ya LINI inasaidia hivi. Mtetemo ukija wakati wa kukanyaga mafuta tu na ukatulia ukiachia, pinioni inapanda kupita kiasi, aidha uliiweka juu mno tangu mwanzo au springi ni laini na zinajikunja, hasa kama umeweka bloku ndefu chini ya springi za nyuma. Bloku inaongeza mkono wa nguvu na springi inazidi kujikunja. Mtetemo ukija ukiachia mafuta tu, pinioni iko chini mno au beringi za pinioni zimelegea, shika nira ya pinioni kwa mikono miwili uitikise juu chini, isicheze hata kidogo.

Kishindo ukiondoka au ukipita kwenye shimo

"Kangk" moja ukiachia klachi, angalia kwanza yubolti za springi, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Yubolti zinatakiwa ziwe mpya kila ukibadilisha ekseli, bomba la ekseli nzito ni nene zaidi na zile za zamani hata zikiingia kwa nguvu zimeshavutika na hazikai. Kaza kwa toku renchi, kwa kupishana, kisha rudia baada ya kilomita 80 hadi 100 maana rangi na kutu vinajipanga na nati zinalegea.

Halafu angalia tundu la katikati kwenye kitako. Kichwa cha sentabolti ya springi kinatakiwa kiingie humo bila kucheza. Ekseli ikitoka kwenye gari nyingine tundu linaweza kuwa kubwa kuliko kichwa cha bolti yako, na hapo kinachozuia ekseli isiteleze ni msuguano wa yubolti peke yake. Tengeneza bushi ya chuma ya kujaza hiyo nafasi. Upana wa springi pia uangalie, kuna majani ya inchi 2.5 na ya inchi 3, springi nyembamba kwenye kitako kipana inacheza.

Kishindo ukishuka shimo au ukiwa na mzigo, propela ni ndefu mno. Pinioni ya ekseli kubwa inajitokeza mbele zaidi, na kama hukufupisha propela ile sehemu inayoteleza inagota mwisho, inapiga giaboksi au transfa kutoka nyuma. Hiyo inaua beringi za transfa haraka. Gari ikiwa imesimama kawaida acha walau sentimita 2.5 za kuingia ndani, na kama springi zako zina safari ndefu acha zaidi, ila hakikisha pia ekseli ikining'inia propela haichomoki.

Kwenye krosi zenyewe usilazimishe. Mfululizo wa 1310 ulio kwenye pikapu nyingi nyepesi haufanani na 1350 au 1410 wa ekseli nzito. 1330 na 1350 ndo zinachanganya watu kwa sababu upana wao ni uleule wa inchi 3 na 5/8, ila kikombe cha 1350 ni kinene, inchi 1 na 3/16 dhidi ya inchi 1 na 1/16. Krosi za kuunganisha saizi mbili tofauti zipo na zinafanya kazi, lakini kumbuka nguvu yake ni ya ule upande mdogo.

Difu inalia

Haya, sasa ndo tufike kwenye difu, baada ya hayo yote.

Mlio mwembamba wa kuimba ukikanyaga mafuta, unapotea ukiachia au kinyume chake, ni meno ya kraunwili na pinioni. Mngurumo unaobaki muda wote na unapanda na spidi ni beringi. Ukibadilika ukikata kona, ukazidi ukipinda kushoto na ukapungua kulia, ni beringi ya habu, na kwa kawaida ni ya upande unaobeba uzito yani upande wa nje wa kona.

Kama ekseli yako ya nyuma ni fulifloti, una bahati ya kuweza kufanya jaribio zuri. Kwenye fulifloti uzito wa gari unabebwa na habu na spindo, hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu, kwa hiyo unaweza kuichomoa gari ikiwa imesimama kwenye tairi zake. Chomoa hafushafti zote mbili, ziba matundu ya habu uchafu usiingie, toa propela ya nyuma kama transfa yako ina nira iliyofungwa kwa nati na sio ile ya kuteleza inayomwaga oili, weka fowili uendeshwe na ekseli ya mbele peke yake kwa umbali mfupi. Tahadhari moja, propela ikishatoka breki ya mkono ya nyuma bado inafanya kazi ila giaboksi ikiwa nyutro hakuna kingine kinachozuia gari, kwa hiyo weka kigingi kwenye tairi kabla ya kushuka. Mlio ukibaki ni habu au tairi, ukipotea ni difu au propela. Dakika chache na umeokoa kufungua kitu ambacho kingekuchukua siku.

Ekseli ya kununua ikiwa imetumika, yenye meno yake ya asili, na inaimba kidogo tu, ushauri wangu ni uiache. Yale meno yameshalana pamoja kwa miaka na ukibadilisha shimu ili kutafuta ukimya unahamishia mguso sehemu mpya ya jino na inalia zaidi. Badilisha beringi kama zimechoka, rudisha shimu zilezile.

Kama ulifunga meno mapya basi paka rangi ya kupimia kwenye meno, zungusha kwa upinzani, soma mguso. Mguso ukikaa chini kabisa kwenye shina la jino, pinioni imeingia ndani mno. Ukikaa juu kwenye ncha, pinioni iko nje mno. Nafasi kati ya kraunwili na pinioni kwa ekseli hizi inaangukia karibu na milimita 0.15 hadi 0.25, bolti 14 inataka kidogo chini ya hapo, namba kamili ichukue kwenye kitabu cha ekseli yako na upime kwa dayali geji sehemu kadhaa kuzunguka kraunwili, sio moja. Ukipata namba tofauti sana kati ya sehemu na sehemu kraunwili haikukaa vizuri kwenye kesi, kuna uchafu au ukingo umevimba.

Ukazo wa beringi za pinioni nao ni wa kupima na sio wa kuhisi kwa mkono. Beringi mpya mara nyingi zinataka kati ya newtonmita 2 na 4 za kuzungusha, bila sili. Bolti 14 inatumia bomba la kuminyika, ukilikaza kupita kiasi usirudishe nati nyuma, hilo limeshakufa, weka jipya. Dana 60 inatumia shimu kwa hiyo unaweza kurudi nyuma bila hasara.

Meno mapya yanahitaji kuzoeshwa. Endesha taratibu dakika 15 hadi 20, iache ipoe kabisa, rudia mara kadhaa, usivute tela kilomita 800 za kwanza na zikifika badilisha oili. Ukipuuza hili yale meno yanapikwa, yanageuka bluu, na hapo ndo mlio wa kudumu unaanza.

Kona tu, gari inagongagonga nyuma polepole ukigeuza? Difu yenye sahani za kubana inataka kile kiongezeo cha oili cha kupunguza msuguano. Weka, piga duara kadhaa kushoto na kulia, sikiliza. Kama ndani kuna Detroit Locker, aina ya difu inayojifunga yenyewe, ule mlio wa tik tik kwenye kona ni kazi yake ya kawaida, usifungue kitu.

Fowili inabana, au propela ya mbele haifiki

Ratio za mbele na nyuma hazilingani, na hii ipime kabla ya kufunga. Dana yenye meno 41 kwa 10 ni 4.10, meno 41 kwa 11 ni 3.73, ukiweka moja mbele na nyingine nyuma transfa inavutana yenyewe, kwenye lami gari inakakamaa na kwenye mchanga tairi zinasuguliwa. 4.10 na 4.11 zinakaa pamoja bila shida, 3.73 na 4.10 hapana kabisa. Kibati cha ratio kwenye ekseli ya kununua usikiamini, mtu anaweza kuwa alishabadilisha meno. Difu ya kawaida isiyofunga: inua tairi moja, nyingine ibaki chini, zungusha ile iliyoinuliwa mizunguko 2 kamili na uhesabu nira ya pinioni imezunguka mara ngapi. Mara nne na kidogo, ni 4.10.

Na uvimbe wa difu ya mbele lazima ukae upande uleule wa mlango wa transfa unakotoka propela ya mbele. Dana 60 za Ford za 1978 na 1979 zina difu upande wa kushoto, za Chevrolet za miaka ya 1977 hadi 1987 ni kulia. Mtu akikwambia igeuze ekseli kichwa chini ili difu ihamie upande wa pili, mkatalie. Ukigeuza hivyo tairi zinazunguka kinyume na za nyuma.

Breki

Hapa sina mzaha hata kidogo, gari ambayo breki yake haijakaa sawa isitoke getini.

Pedali inakwenda hadi chini au inahitaji kupigwa mara mbili. Kwanza fikiria upepo, na kwenye upepo kuna sababu moja inayowasumbua watu muda mrefu: kalipa zimewekwa upande usio wake. Kushoto kwenda kulia. Zinafunga vizuri, zinabana vizuri, lakini nipeli ya kutolea upepo inakuwa chini badala ya juu, na upepo unabaki juu hata utoe kopo zima la oili. Nipeli iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa.

Hewa ikiwa haipo, angalia masta silinda. Kalipa na wili silinda za ekseli nzito ni kubwa na zinameza oili nyingi, masta ndogo haifikishi. Unaweka yenye kipenyo kikubwa zaidi, ila jua unachobadilishana: kutoka inchi 1 kwenda inchi 1 na 1/8 eneo la pistoni linaongezeka kwa asilimia 27 hivi, kwa hiyo pedali inakuwa fupi lakini inataka mguu mzito kwa kiasi hichohicho, na kama gari haina busta utachoka. Dramu za nyuma zisiporekebishwa karibu na viatu nazo zinakula safari ya pedali, na hiyo ni ya bure kuirekebisha, ianze hiyo.

Breki zinabana zenyewe, habu inachemka. Dramu zinataka kivalvu kinachoshikilia shinikizo dogo kwenye bomba, kama psi 10, diski zinataka psi 2 au chini. Ukihamisha kutoka dramu kwenda diski na masta ileile yenye kivalvu cha dramu ndani, pedi hazitaachia kamwe.

Tairi za nyuma zinafunga kabla ya mbele ukikanyaga kwa nguvu: breki za nyuma sasa ni kubwa kupita uzito uliopo kwenye bodi tupu. Weka kivalvu cha kurekebisha shinikizo la nyuma, ujaribu sehemu wazi isiyo na watu, ukipunguza hadi mbele zifunge kwanza.

Na hosi. Inua gari kwa chesisi hadi ekseli ining'inie kabisa, tazama hosi, geuza stelingi mwisho kushoto na mwisho kulia. Ikivutika popote ni fupi. Breki ya mkono nayo watu wanaiacha wakiweka diski nyuma, wanasema wataishughulikia baadaye. Iwepo kabla gari haijatembea.

Rimu na tairi

Ekseli nyingi za hivi zina stadi 8 kwenye duara la milimita 165.1, wakati pikapu nyepesi zina 5 au 6 kwenye 139.7, au 5 kwenye 127, kwa hiyo rimu za zamani zinabaki stoo. Rimu ikiingia stadi lakini haikai bapa, tundu la katikati ni dogo, habu ya fulifloti inatokeza sana. Rimu za inchi 15 nyingi zinagusa kalipa, panga 16 na kuendelea. Nati zikaze tena baada ya kilomita 80 hadi 100, stadi zinazokatika mara nyingi ni za watu walioruka hatua hii.

Gari inakwenda mshazari, stelingi inatikisika

Mshazari: pima kutoka kwenye jicho la mbele la springi, au bolti yoyote ya chesisi inayofanana pande zote, hadi kwenye bomba la ekseli, kushoto na kulia. Tofauti ya zaidi ya milimita 3 irekebishe. Kama vipimo viko sawa na tairi za nyuma zinalika upande mmoja, bomba la ekseli limepinda, na sababu ya kawaida ni joto la kuchomelea vitako. Pima umbali kati ya tairi mbili za nyuma upande wa mbele na upande wa nyuma, ulinganishe. Ndo maana unachomelea vipande vifupi kwa kupishana kushoto kulia na kuacha ipoe, na klempu ya ethi unaibana kwenye bomba lilelile karibu na unapochomelea, umeme ukipita kwenye beringi unaziharibu bila wewe kuona kitu.

Stelingi kutikisika baada ya kuweka ekseli nzito mbele, anza na tairodi na kingipini au bolijointi, afu kasta (mlalo wa kingipini kuelekea nyuma). Kasta ya digrii 3 hadi 6 inafanya gari irudi yenyewe mbele. Ugumu ni kwamba ukiongeza kasta kwa kuizungusha ekseli, mdomo wa pinioni ya mbele unashuka na propela inazidi kukunjika. Kwa gari iliyoinuliwa sana huwezi kupata vyote viwili kwa kabari, inabidi zile ngumi za mwisho wa ekseli zikatwe na kuzungushwa, na hiyo kazi mpe mtu mwenye vifaa vya kupimia. Bloku chini ya springi za mbele usiweke, sijali imeandikwaje kwenye boksi.

Oili inavuja, habu ni za moto

Sili mpya inavuja ndani ya wiki? Kabla ya kubadilisha nyingine zibua tundu la kupumulia. Ekseli za kununua zimekaa nje miaka, kile kivalvu kimejaa tope, ekseli ikipata moto hewa inatanuka na kusukuma oili kupitia popote. Vuta hosi yake juu hadi kwenye chesisi.

Ulizungusha pinioni juu sana kwa ajili ya propela? Basi tundu la kujazia nalo limehama na kipimo cha "hadi ianze kumwagika" hakiaminiki tena. Beringi ya mbele ya pinioni inaweza kukauka. Jaza zaidi kidogo ya hapo.

Habu za fulifloti zinakazwa kwa kufuata utaratibu: kaza nati ya ndani kama newtonmita 68 huku unazungusha habu ili beringi zikae, legeza, kisha kaza kidogo na ufunge, mwisho ibaki na nafasi ya kucheza ya milimita 0.025 hadi 0.25. Baada ya safari ya kwanza shika habu zote nne kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, na umeshahakikisha breki yake imeachia, fungua hiyo leo, usisubiri safari ya pili.

Mambo mawili madogo ya mwisho. Spidomita itadanganya, kutoka 3.08 kwenda 4.10 kwa tairi zilezile inaposoma 100 gari iko kwenye 75 hivi, badilisha gia ya spidomita kwenye transfa. Na gari kurukaruka kwenye barabara mbovu ni uzito wa ekseli wenyewe ambao springi hazibebi, shokapu za zamani haziwezi kuutuliza, weka zenye nguvu zaidi na uhakikishe mabano yake hayajakaa kwa pembe ya kulala.